Kukaa Manzese si kosa la jinai

(Maneno niliyozungumza na vijana wenzangu kwenye kikao cha kata, Muyama)

 

Baba yangu ni wa hapahapa Muyama, mimi nimezaliwa Manzese, Dar. Najua wengine mkishauza maharage mnapanda basi kwenda mjini, na wengi mtafikia kwetu Manzese, au Tandale, au Buguruni, maana ndiko chumba cha bei ya mtu wa kawaida kinakopatikana. Basi niwaambie mapema mnachokwenda kukutana nacho.

Ukitaja Manzese, watu wanashika mifuko yao. Niliwahi kuomba kazi ya kutunza stoo, tukaongea vizuri kabisa mpaka nilipoulizwa nakaa wapi. Siku hizi wadogo zangu mtaani wanajaza anuani ya shangazi aliyeko Sinza. Sinza yenyewe unafika kwa miguu!

Sasa, Panya Road. Sitawadanganya kwamba ni hadithi. Walikuwepo, walikata watu mapanga, na waliokatwa ni masikini wenzetu. Lakini tazama kilichofuata. Januari 2015 hofu ya usiku mmoja ilifungia watu ndani, kisha msako ukazoa vijana kwa mamia. Septemba 2022 msako ukarudi, polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa sita wameuawa. Watuhumiwa, jamani! Hakuna hakimu aliyewasikiliza. Na ibara ya 13 ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka hatia ithibitike.

Msako wenyewe unachagua kijiwe, hauchagui kosa. Kuna vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, uzembe na uzururaji, tulivyorithi kwa mkoloni. Uko nje jioni, huna kazi ya kuonyesha, inatosha kupandishwa karandinga. Mwaka 1983, kwenye Nguvu Kazi, wasio na ajira walikamatwa Dar wakarudishwa vijijini. Babu zetu Waha walipokuwa manamba kwenye mkonge Tanga hakuna aliyewaita wazururaji. Walitakiwa!

Nanyi mna mzigo wa ziada. Lafudhi yenu ikisikika tu, mtaitwa Warundi. Mtu wa Kigoma anajua maswali ya uraia yanavyoanzia kwa babu. Kwa hiyo kijana wa Muyama aliyeko Manzese bila kitambulisho anakamatwa kama mzururaji, halafu anahojiwa kama mhamiaji. Na wa kumshuhudia wako huku, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja.

Ndiyo maana nasema namba ya NIDA ifuatiliwe hapa, kabla ya safari, wakati wazee wanaokufahamu wapo. Kufuta kifungu cha 177 ni kazi ya Bunge na tutaendelea kuipigia kelele, ila hili la vitambulisho tunalianza leo. Katibu pale mlangoni ana daftari. Kila aliyeomba akakwama aandike jina, kijiji na mwaka alioomba, na kama ana karatasi yoyote aliyopewa aje nayo kesho tuipige picha. Tuanze na mstari wa mbele.