Kabla ya Kulipa Karo ya Sheria

Mzazi wa Molo anayeuza viazi ili mwanawe asomee sheria ana haki ya kujua analipia nini. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa za kumwezesha kufaidi kikamilifu huduma, ya umma au ya binafsi. Vipeperushi vya vyuo, aghalabu, vina picha za majoho tu.

Joho lenyewe si uwakili. Baada yake kuna Shule ya Sheria ya Kenya na karo yake, mitihani tisa ya Baraza la Elimu ya Sheria, kisha miezi sita chini ya wakili. Shule hiyo pia ina masharti ya alama za KCSE, ambayo yamewafikisha wahitimu mahakamani zaidi ya mara moja. Na leseni ya chuo chenyewe? Mwaka 2015 Baraza liliamuru kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi, chuo cha umma hicho, kifungwe.

Baraza hutangaza vyuo lilivyoviidhinisha. Haitoshi. Kila chuo kilazimishwe kusema, kabla ya kupokea hata shilingi, wahitimu wake wangapi hufaulu mtihani wa uwakili, na kwa jaribio la ngapi.