Deni la Kufunga Shule: Ufipa na Siku 103 za Mwaka 2020



Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Kesho yake vyuo navyo vikafungwa. Siku 30 zilipokwisha, agizo liliongezwa bila kutajwa tarehe ya mwisho. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni. Wengine wote wakasubiri hadi tarehe 29 Juni. Kwa mtoto wa darasa la tatu huku kwetu Ufipa, mkoani Rukwa, pale Laela, Matai au Namanyere, hizo ni siku 103 bila mwalimu. Michezo na baadhi ya mikusanyiko ilisimamishwa pia, lakini soko la Sumbawanga liliuza, mabasi ya Mbeya na Mpanda yalipakia abiria, makanisa na misikiti ilijaa. Wakenya waliwekewa marufuku ya kutembea usiku. Waganda walifungiwa majumbani. Sisi hatukuwa na lokdauni. Ndiyo maana mjadala wa dunia kuhusu haki ya kuwafungia watu ndani, ukiletwa huku kwetu, unabaki na swali moja tu lenye uzito: je, ilikuwa halali kuwaondoa watoto darasani wakati watu wazima wanaendelea na shughuli zao?

Jibu langu ni kwamba kufunga kulikuwa halali, ila uhalali huo ulikuwa wa mkopo. Serikali yoyote inayofunga shule kwa sababu ya ugonjwa usiojulikana inachukua kitu cha mtoto ikiahidi kukilipa, na malipo yake ni hesabu mbili zinazotolewa hadharani: hesabu ya wagonjwa, ili ijulikane kama sababu ya kufunga bado ipo, na hesabu ya watoto, ili ijulikane wamepoteza nini na nani hakurudi. Mwaka 2020 hesabu ya kwanza ilikatizwa, na ya pili haikudaiwa na mtu. Kosa letu lilikuwa hapo, wala halikuwa katika tangazo la tarehe 17 Machi.

Tuanze na Machi yenyewe, kwa sababu ni rahisi kuihukumu kwa maarifa ya leo. Mipango ambayo nchi nyingi zilikuwa nayo kwa ajili ya janga la kupumua ilijengwa juu ya mafua makali, na katika mafua mtoto ndiye msambazaji mkubwa: huyapata shuleni, huyapeleka nyumbani, humwambukiza bibi. Aliyefunga shule Machi 2020 alifuata elimu hiyo. Katika darasa la Rukwa, ambamo watoto hubanana watatu au wanne kwenye dawati moja na maji ya kunawa hubebwa kwa ndoo, kusubiri ushahidi kamili kungekuwa kucheza kamari na wazee wetu. Mabweni, kama ya Kantalamba, hukusanya vijana kutoka mikoa mingi, na kuwachelewesha humo hadi ugonjwa uingie kungekuwa hatari kubwa zaidi. Anayesema kwamba uamuzi ule ulikuwa woga mtupu anasahau kuwa mwezi ule hakuna daktari duniani aliyeweza kumhakikishia mzazi jinsi ugonjwa huu utakavyowatendea watoto.

Lakini mkopo una muda wake. Denmark ilianza kuwarudisha wadogo wa shule ya msingi tarehe 15 Aprili 2020. Sweden haikuwahi kuwafungia watoto wake wa shule za msingi. Kabla ya Mei kwisha, takwimu za hospitali kutoka China, Italia na kwingineko zilikuwa zinaelekea upande mmoja: watoto waliugua mara chache mno kwa ukali, na uzito wa kifo uliwaangukia wazee na wenye maradhi mengine. Haikuthibitishwa kwamba mtoto hawezi kuambukiza, ila hoja ya mafua ilikuwa imepungukiwa nguvu, na kila wiki ya ziada ilihitaji sababu mpya. Hapo ndipo hesabu ya wagonjwa ilipohitajika kuliko wakati wowote, na hapo ndipo iliponyamazishwa. Takwimu za taifa zilikoma kutolewa mapema Mei, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa, na baada ya hapo mwananchi hakuwa tena na namba ya kushika. Shule zilipofunguliwa Juni, naamini uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini mzazi wa Kirando aliyemtoa mtoto wake nyumbani asubuhi ile alitakiwa kuamini tu, kama alivyotakiwa kuamini tu Machi. Uamuzi sahihi usio na ushahidi wa hadharani haumfundishi mtu kitu, na janga lijalo litatukuta tukianza upya.

Sasa hesabu ya watoto. Wapo wanaosema miezi mitatu na nusu ni kitu kidogo, hasa tukijilinganisha na Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Nawajibu kwa Pakistan. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2005 kaskazini mwa nchi hiyo, watoto walikaa nje ya shule kwa takriban wiki 14, karibu sawa na zetu. Watafiti walirudi miaka minne baadaye. Nyumba zilikuwa zimejengwa upya, familia zilikuwa zimepata nafuu, lakini watoto waliokuwa karibu na tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo. Pengo lilizidi muda uliopotea, kwa sababu aliyeachwa nyuma alirudi katika darasa lililoendelea mbele bila kumsubiri, na kila mwaka sehemu aliyoielewa ya kile kilichofundishwa ikapungua. Jambo moja katika matokeo yale linanigusa kuliko yote: watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi hawakuonyesha pengo hilo. Shule ikifungwa, mwalimu anayebaki ni mama. Elimu ya kizazi kilichotangulia ndiyo inayoamua nani atapona.

Ipimeni Ufipa kwa kipimo hicho. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni, na walioviandaa wanastahili shukrani. Lakini katika mwaka ule mji wa Sumbawanga wenyewe ulitumia umeme ulionunuliwa kutoka Zambia, na vijiji vingi vya bonde la Ziwa Rukwa na mwambao wa Tanganyika vilikuwa mbali hata na umeme huo. Redio ya betri ilikuwepo, ila redio hiyo ni ya baba na huondoka naye. Kisha kuna majira. Mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili. Maharage huvunwa kabla ya mahindi, na mahindi huvunwa Mei hadi Julai. Shule zilifungwa katikati ya kazi nzito kabisa ya mwaka. Hakuna anayeweza kumlaumu mzazi aliyemwona kijana wa miaka 13 amekaa nyumbani na shamba likimsubiri. Mtoto alivuna, alipukuchua, alichunga, na katika mwambao alianika dagaa. Kazi hizo si aibu. Ndizo zinazofanya Rukwa iwe miongoni mwa mikoa inayolisha taifa. Tatizo ni kwamba kijana aliyeonja fedha ya gunia lake la kwanza hupata sababu ya kutorudi, na sababu hiyo hukua kila akiulizwa swali la hesabu asilolielewa.

Kwa msichana hasara ilikuwa ya aina nyingine, na hapa nasema kwa uchungu. Sierra Leone ilifunga shule zake mwaka 2014 kwa sababu ya Ebola. Mimba za wasichana ziliongezeka, na shule zilipofunguliwa Aprili 2015 serikali ikawakataza wenye mimba kuingia darasani. Katazo hilo liliondolewa Machi 2020, mwezi uleule ambao sisi tulifunga. Onyo lilikuwa mezani. Nasi tulikuwa na kanuni za mwaka 2002 za kuwafukuza wanafunzi, na tamko la Rais Magufuli la Juni 2017 kwamba aliyepata mimba harudi shuleni, katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 tayari wamezaa au ni wajawazito. Kwa hiyo serikali iliondoa ulinzi wa shule kwa siku 103, na wakati huohuo ikaacha mlango umefungwa kwa yeyote ambaye ulinzi huo ungemfaa. Waraka wa kuwaruhusu warudi ulitolewa tarehe 24 Novemba 2021, miezi 17 baada ya kengele ya Juni. Kwa msichana wa Nkasi aliyekuwa kidato cha pili, miezi 17 inatosha mtoto kuzaliwa na kuanza kutembea. Kama kuna sehemu ya uamuzi ule ambayo haikuwa halali hata kwa maarifa ya Machi 2020, ni hii: kufunga bila kwanza kubadili kanuni hiyo.

Najua pingamizi kubwa zaidi linalobaki. Maisha kwanza, masomo baadaye. Mtoto aliyechelewa anaweza kufidia, bibi aliyefariki harudi. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo lililonifanya nitetee Machi. Lakini lina maana pale tu panapoonyeshwa kwamba mtoto kukaa nyumbani kulimwokoa bibi. Katika nchi ambayo minada, vilabu vya pombe na stendi vilikuwa wazi, njia za ugonjwa kumfikia bibi zilikuwa nyingi, na shule ilikuwa moja tu kati ya hizo. Wapo pia wanaogeuza hoja na kusema: mnaona, hatukujifungia na hatukufa. Siwezi kukubaliana nao. Wimbi la mwanzoni mwa 2021 lilikuja shule zikiwa wazi, na Februari ile Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alifariki baada ya chama chake kutangaza kwamba ana korona. Vijijini watu walizikwa bila kupimwa. Asiyehesabu wagonjwa wake hana haki ya kujisifu kwa uchache wao, wala mkosoaji wake hana namba ya kumsuta nayo.

Wala msiniambie kuwa hesabu haziwezekani kwetu. Tunajua kwamba mwaka 2018 asilimia 47.9 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, katika mkoa wenye chakula tele, kwa sababu watu walikwenda nyumba kwa nyumba wakawapima. Aibu ya namba ile ndiyo iliyoleta mijadala ya lishe hadi vikao vya vijiji. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa na vifo, ikafuatilia waliokutana nao, na tarehe 2 Juni ikatangaza mwisho. Watoto wa Sumbawanga waliendelea kusoma, kwa sababu ilijulikana ugonjwa uko wapi na hauko wapi.

Hesabu ya watoto wa 2020 nayo bado inaweza kufanyika. Takwimu za mwaka za TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, hujumlisha walioacha shule kwa mwaka mzima na kuandika sababu kuu kuwa utoro. Hazikutengenezwa kujibu swali letu. Jibu liko katika madaftari ya mahudhurio. Ofisa elimu kata akifungua daftari la Machi 2020 na la Julai 2020 la shule moja, akalinganisha majina mstari kwa mstari, wavulana na wasichana, atajua kwa siku moja nani hakurudi. Walioanza darasa la kwanza Januari mwaka ule, wakapata wiki kumi tu za kusoma kabla ya kufungiwa, ndio watakaofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2026, na matokeo yao yanaweza kuwekwa kando ya yale ya waliowatangulia. Halmashauri zetu nne, Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Kalambo na Nkasi, zinaweza kuanza bila fedha ya mfadhili, kabla madaftari hayajaliwa na mchwa. Na waraka wa kufunga shule kwa janga lijalo uandikwe sasa, wakati hakuna hofu: uwe na tarehe ya kumalizika, useme ni namba gani zitakazotangazwa kila wiki, na ueleze mwalimu yupi atapita kwa watoto wapi wakati wa mavuno.