Magomvi ya Utotoni na Amani ya Ukubwani



Katika sikukuu hii ya Jubilei tumechagua kusema juu ya magomvi ya utotoni. Labda wengine watasema, Hayo ni mambo ya watoto, yatufaa nini sisi watu wazima? Walakini twajua sote ya kuwa wako watu wenye mvi ambao hawaketi benchi moja kanisani, na ukiuliza asili yake utaambiwa habari za siku walizochunga mbuzi.

Sisi tuliokulia machungani twaujua mchezo ule. Wavulana wakubwa hurundika mchanga mafungu mawili, kisha huwaita wadogo wawili na kuwaambia, Fungu hili ni ziwa la mama yako, na hili ni la mama yake. Tuone nani atathubutu kulibomoa la mwenzake. Mmoja hupiga teke, na mwingine hana budi kumrukia, kwani mama yake ametukanwa. Hupigana hata damu itoke, na wale wakubwa hucheka. Tazameni basi: wapiganao hawakuwa na neno kati yao. Moto uliwashwa na wengine.

Ndivyo ilivyokuwa hata nyumbani mwa Isaka. Esau na Yakobo walikuwa pacha. Baba alimpenda Esau kwa ajili ya nyama za mawindo, mama akampenda Yakobo. Wakakua katika upendeleo huo, hata mmoja akanyang'anywa baraka yake, na mwingine akakimbia asije akauawa. Akakaa ugenini miaka 20. Alipokuwa akirudi akasikia ya kuwa ndugu yake anakuja na watu 400, akaogopa mno, lakini hakugeuka nyuma. Akatanguliza zawadi, akaenda mwenyewe mbele ya jamaa yake, akainama mara 7. Naye Esau akapiga mbio kumlaki, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Baada ya hayo hawakukaa mahali pamoja. Esau alirudi Seiri, na Yakobo akashika njia yake. Walakini Isaka alipokufa, walimzika pamoja. Hapo ndipo twajua ya kuwa amani yao ilikuwa ya kweli.

Katika nchi yetu tumeona mfano wake. Watu wawili walipigana machungani kwa sababu ya mchanga ule, na mmoja akabaki na kovu juu ya jicho. Wakaoa, wakazaa, wala hawakupeana mkono. Hata mama wa yule mwenye kovu alipofariki, mwenzake alikuja asubuhi na jembe begani, akashuka kaburini, akachimba bila kusema neno. Mguu wake ndio uliolipiga teke fungu lililoitwa ziwa la mama yule. Mfiwa akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kuondoa matanga waliketi pamoja, wakaulizana ni nani aliyewarundikia ule mchanga. Wala hapana aliyelikumbuka jina lake.

Basi, ndugu, aliyewasha moto haji kuuzima. Amekwisha kwenda zake, naye amesahau. Wahenga walisema, Wagombanao ndio wapatanao. Ni kweli, lakini hawapatani kila mtu akikaa barazani kwake. Sharti mmoja ainuke na kwenda. Wala tusingoje msiba utuitie jirani zetu.

Nanyi wazazi, msipime mapenzi ya watoto wenu kwa vibaba viwili. Nanyi waalimu, watoto wakipigana, msiwashurutishe kupeana mikono upesi ili darasa litulie. Wasikilizeni kila mmoja, mkaulize pia ni nani aliyewachochea. Udongo uwahi ungali maji. Neno lililosikilizwa leo shuleni halitakuwa fundo moyoni miaka 30 baadaye.

Amani ikae nanyi nyote, na majumbani mwenu.