Mtoto Akiamka Macho Yamevimba, Apimwe Mkojo

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Migori)



Leo tuzungumze juu ya mtoto anayevimba. Hapa kwetu, mtoto akivimba, wa kwanza atasema ni njaa, wa pili atasema ni chira. Kumbe huenda ni figo.

Figo ni kama kichujio. Zikiwa nzima, maji na taka hutoka, protini hubaki mwilini. Kichujio kikiharibika, protini hutoka na mkojo. Mtoto huamka macho yamevimba, baadaye miguu na tumbo. Mkojo wake huwa na povu lisiloisha upesi.

Je, kwashakoo? Hiyo mara nyingi huanzia miguuni, nywele hubadilika rangi, ngozi hubanduka. Mtoto huyo anahitaji matibabu na chakula. Lakini wa figo, hata umpe omena na mayai kila siku, protini itazidi kumwagika. Basi tusibahatishe.

Kipimo ni rahisi, na akina mama mnakijua: kile kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kliniki ya wajawazito. Majibu hutoka kwa dakika chache. Mwambieni daktari, "Naomba mtoto apimwe mkojo." Hakuna aibu kuuliza.

Ikiwa ni figo, mara nyingi hospitali hutoa dawa iitwayo prednisoloni. Watoto wengi hupata nafuu ndani ya wiki nne hivi. Lakini msiikatishe kwa kuwa uvimbe umeisha. Ugonjwa huu hupenda kurudi. Chumvi ipunguzwe. Miti shamba iachwe, maana mingine huumiza figo. Akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Tukinge pia. Mwaka 1967, ng'ambo ya ziwa huko Uganda, Daktari John Kibukamusoke na wenzake walionyesha uhusiano wa ugonjwa huu na aina moja ya malaria. Kwa hiyo watoto walale ndani ya neti. Vidonda vya ngozi na vya koo vitibiwe mapema. Baada yake, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, kimbieni hospitali.

Sasa kazi ya kikundi: chagueni mtu mmoja wa kukumbusha dalili hizi, na tengeni pesa kidogo za nauli. Mtoto asikose kipimo cha dakika chache kwa sababu ya nauli ya matatu.

 Maswali?