Maabara ya Kompyuta na Mkono wa Mwanafunzi



Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kitabu na mhadhara viliweza kumfuata mwanafunzi wa kemia mpaka nyumbani, bureti haikuweza. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka ule, lakini swali lilibaki: je, kazi ya maabara yaweza kufundishwa kwa mtandao? Wako wanaojibu ndiyo haraka mno, hasa wanaotazama bei ya vioo na kemikali.

Chombo chenyewe kitendewe haki. Mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, hutoa bure maigizo ya kisayansi, na mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti. Mwanafunzi huona chembe za gesi zikigongana, jambo ambalo maabara ya vioo haiwezi kumwonyesha. Hurudia jaribio mara 20 bila kumaliza hata tone la asidi ya chuo.

Lakini bureti ya kompyuta haivuji. Haina kiputo cha hewa kilichojificha chini ya koki, ambacho kikitoka katikati ya kazi huharibu hesabu nzima. Mwanafunzi hainami ili jicho lake lilingane na usawa wa maji. Namba hujiandika yenyewe. Katika maabara halisi huisoma mwenyewe, mpaka nusu ya sehemu ya kumi ya mililita, na akipitiliza kidogo tu, rangi ya waridi iliyokuwa hafifu hukolea, akalazimika kuanza upya. Kuanza upya huko ndiko kujifunza.

Wengi wa wanafunzi hao ni walimu wa kesho. Mwaka 2014 wananchi katika kata nyingi za Tanzania walichangia ujenzi wa maabara za fizikia, kemia na baiolojia katika sekondari zao. Kuwapelekea mwalimu ambaye hajapata kushika pipeti ni dhihaka kwa mkulima aliyetoa mchango wake. Mwalimu huyo ataufunga mlango wa maabara na kuandika ubaoni.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971 kilikuwa na televisheni ya BBC, chombo cha kisasa cha enzi hizo. Hata hivyo kiliwapelekea wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa kwa posta, kikawaita pia katika mafunzo ya wiki moja wakati wa kiangazi. Mpango wa namna hiyo unawezekana hapa: kompyuta itangulie, ipunguze siku za maabara, isizifute. Fungu la bureti na kemikali lisiguswe kwa kisingizio cha mtandao. Na mwanafunzi anayengoja zamu yake huko wilayani hakosi ndimu, magadi na maji ya choya. Wekundu wa choya huelekea kijani yakitiwa magadi, na hurudi kwa ndimu.