Taa za Nyuma Zilizotiwa Moshi

 Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: TAA, BREKI, MOSHI. Yasomeni pamoja mara mbili, kisha sikilizeni.

Moshi ninaousema leo si wa jikoni. Siku hizi vijana wenye motokaa na pikipiki wana desturi ya kuzitia weusi taa za nyuma, zionekane kama zimefukizwa. Kazi hiyo hufanywa nyumbani, chini ya mwembe. Kijana huosha taa kwa sabuni, huisugua kwa msasa laini, hubandika karatasi ya gundi pembeni ili rangi isiguse bodi, kisha hupuliza rangi nyeusi ya kopo mara moja, mara ya pili, pengine na ya tatu. Mwingine hatumii rangi. Hununua plastiki nyeusi nyembamba, ile ya kubandika madirisha, akaivuta juu ya taa. Jioni motokaa kuukuu inaonekana kama imeshuka melini jana.

Nakiri kwamba inapendeza. Sisi wa uwanda wa Makonde hatuna haja ya kufundishwa uzuri wa rangi nyeusi, maana mpingo tunao. Lakini taa ya nyuma ina kazi yake, nayo ni kumwambia mtu aliye nyuma maneno mawili: "nipo hapa" na "nasimama".

Husemaje? Katika motokaa nyingi globu moja ya nyuma ina nyaya mbili ndani yake. Waya mdogo ni wa wati 5. Huo huwaka usiku kucha na kusema "nipo hapa". Waya mkubwa ni wa wati 21. Huo huwaka dereva akikanyaga breki. Dereva wa nyuma hutambua breki kwa kuona mwanga umeongezeka ghafula. Sasa paka weusi unaopitisha nusu tu ya mwanga. Wati zako 21 zitakuwa kama 10 na nusu. Usiku wa giza bado utaonekana. Lakini saa sita mchana, jua la Masasi likipiga juu ya kioo, mtu wa nyuma hajui kama taa imewaka au haikuwaka.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikiri, nalo ni rifleta. Rifleta ni kile kipande chekundu, mara nyingi kimo ndani ya taa ile ile, kisicho na globu. Hakina mwanga wake. Hurudisha mwanga wa motokaa inayokuja. Tuhesabu kwa magunia ya korosho. Umepeleka magunia 100, na njiani kuna kizuizi kinachochukua nusu. Yanapita 50. Ukirudi na hayo 50 kwa njia ile ile, kizuizi kinachukua nusu tena. Unafika nyumbani na 25. Ndivyo mwanga unavyotozwa na rangi nyeusi mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, hata ikabaki robo. Na ikibaki robo, hata kama hewa ni safi, mwenye kuja atakiona kile kipande kwa kama sehemu saba tu katika kumi za umbali wa zamani. Fikirini lori la korosho lililoharibika usiku, betri imekufa. Halina taa yo yote ila rifleta.

Mwenzenu nimelipia somo hili. Jioni moja ya msimu wa korosho nilipanda pikipiki kutoka Masasi kwenda Newala. Mbele yetu ilikuwamo motokaa ndogo ya kijana mmoja, taa zake nyeusi tii. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeisifu motokaa hiyo stendi! Tulipoanza kupanda ukingo wa uwanda, mbuzi wakakatiza njia. Kijana akakanyaga breki. Dereva wangu hakujua lo lote mpaka alipoliona bampa. Akakata kona, tukaingia mchangani. Yeye alichubuka magoti, mimi bega likateguka, nikakaa wiki tatu bila kuweza kuandika ubaoni. Kijana akashuka mbio, anatetemeka, akasema, "Mwalimu, wallahi nilikanyaga breki!" Naye alisema kweli.

Mkiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mnakwenda kama mita 17 katika kila sekunde. Dereva akichelewa kutambua kwa sekunde moja tu, mita 17 zimekwisha. Na asubuhi za baridi pale Newala, ukungu unapofunika Shimo la Mungu, hata taa safi yaonekana kwa shida.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka chombo kiwe katika hali njema ndipo kiingie barabarani. Hayo askari atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Aliyekwisha kupaka afanyeje? Kama ni plastiki, iacheni juani ipate moto, ichambueni polepole kutoka pembeni, kisha osheni gundi kwa maji ya moto na sabuni. Kama ni rangi, tumieni msasa laini sana uliolowa maji, kisha dawa ya meno na kitambaa mpaka taa ing'ae. Msitumie thina wala petroli. Kifuniko ni cha plastiki, kitapasuka nyufa ndogo ndogo na kufifia daima.

Nanyi msiopaka msicheke. Vumbi letu jekundu hutia moshi bure. Dereva, weka kitambaa chini ya kiti.

Sasa zoezi. Usiku huu mmoja wenu aweke baiskeli au pikipiki mwisho wa uwanja. Mwingine ashike tochi karibu na jicho lake, aielekeze kwenye rifleta, arudi nyuma akihesabu hatua mpaka asiione tena. Kisha ifuteni rifleta kwa kitambaa chenye maji, mhesabu upya. Andikeni hesabu zote mbili katika daftari, moja chini ya nyingine. Mwalimu, waweza kuzima redio.