Viwanja vya watoto vya Amsterdam

Mwaka 1947 msanifu majengo Aldo van Eyck, akifanya kazi katika idara ya ujenzi ya jiji la Amsterdam, Uholanzi, alibuni kiwanja cha watoto pale Bertelmanplein: shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, vyuma vya kubingirikia na mabenchi. Wakazi wa mitaa mingine wakaandika barua kuomba chao. Kufikia 1978 viwanja vilizidi 700.

Baadhi viliziba mapengo ya vita. Wanazi walipowapeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji, nyumba zao zilibaki tupu. Katika baridi na njaa ya 1944 hadi 1945 watu waling'oa mbao zake kwa kuni, nyingine zikaporomoka. Katika mapengo hayo van Eyck aliweka mchanga, mawe ya kurukia na miti. Kwa kawaida hakuzungusha uzio, na huo ndio uamuzi wake bora, kwani kiwanja kilibaki sehemu ya mtaa. Vifaa havikuigiza mnyama wala gari. Mtoto aliamua mwenyewe kama ukingo ni meza, duka au jukwaa. Vilivyosalia katika sura yake ya awali ni vichache, na vinastahili kulindwa.